Zeze, Babu na Mjukuu: Uhakiki wa Shule Mbili za Muziki Wetu

Watu wengi wanapoutaja muziki wa asili, hutaja kile kinachoonekana jukwaani: ngoma zinalia, manyanga yanatikiswa, wachezaji wamevaa njuga, na wageni wanapiga makofi. Ni wachache wanaouliza juu ya jambo lililotangulia hayo yote, yaani huyu mpiga zeze alifundishwa na nani, kwa muda gani na kwa njia gani. Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Katika makala haya tumenuia kuutazama uundaji wenyewe. Tutamtazama mtoto wa Kigogo anayejifunza zeze au marimba mbele ya babu yake, tupime ubora na upungufu wa shule hiyo isiyo na ubao wala kengele, kisha tuilinganishe na namna ambavyo muziki huo huo umekuwa ukifundishwa katika madarasa yetu.

Tungeweza kuchagua mahali pengine. Wahaya wana enanga yao, Wahehe wana ligombo, Wanyamwezi na Wasukuma wana mazeze yao, na Unguja ina udi na ganuni. Tumeichagua Ugogo kwa sababu muziki wake umetiwa katika santuri na kanda zilizosikilizwa ndani na nje ya nchi, na kwa hiyo msomaji hatalazimika kutuamini kwa maneno tu. Akipenda ataweza kusikiliza mwenyewe na kuzipima hoja zetu kwa masikio yake.

Mahali tulipotoka

Wakati wa ukoloni mtoto aliyekwenda shule alifundishwa kuimba, lakini aliimba nyimbo za kigeni kwa mfuatano wa do, re, mi. Na katika sehemu nyingi wamisheni waliiona ngoma ya kienyeji kuwa jambo la kipagani, lisilostahili kufika kanisani wala darasani. Matokeo yake ni kwamba mtoto alikua na masikio mawili: sikio la shuleni, lililopewa cheti, na sikio la nyumbani, lililoonewa haya. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, aliligusa donda hilo. Alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa, akasikitika kwamba wasomi wengi walizijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za kwao, na akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Baada ya hapo kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 kimekuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Hatua hizo zastahili sifa, wala hatuna nia ya kuzipunguza. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba mafundi waliokusanywa kutoka mikoani hawakufika Dar es Salaam wala Bagamoyo wakiwa mikono mitupu. Hukwe Zawose wa kijiji cha Doduma, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuupeleka muziki wa Kigogo katika mabara kadhaa, alikwisha kuwa fundi alipoitwa kuitumikia sanaa ya taifa. Serikali ilivuna shamba lililolimwa na wazee wasiojulikana majina yao. Kuvuna si kosa. Lakini mkulima mwenye busara, akisha kuvuna, huuliza mbegu ya msimu ujao iko wapi. Swali hilo ndilo kiini cha uhakiki wetu, maana siku hizi babu yuko kijijini na mjukuu yuko mjini, na wakikutana ni wakati wa likizo au msiba.

Chombo chenyewe

Hatuwezi kuhukumu namna ya kufundisha kabla hatujakijua kinachofundishwa. Zeze la Kigogo ni kibuyu au gogo dogo lililochongwa likawa na uvungu, likawambwa ngozi na kuunganishwa na mkono wa mti. Nyuzi zake zaweza kuwa moja, mbili au zaidi, nazo hupigwa kwa uta uliopakwa utomvu wa mti ili ukwaruze vema. Marimba ya Kigogo, ambayo wenyewe huiita ilimba, ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vinavyotekenywa kwa vidole. Katika marimba kubwa si vyuma vyote vinavyoguswa. Vingine vimewekwa pale viitikie tu wakati wenzao wanapopigwa. Tena fundi hutoboa tundu katika sanduku na kuliziba kwa utando wa buibui, ili kila sauti itoke na mvumo mwembamba kama wa nyuki. Mgeni asiyejua husikia mvumo huo akadhani chombo kimeharibika, kumbe ndio uzuri wenyewe unaotafutwa.

Jambo la pili ni upatanisho wa sauti, na hapa twamwomba msomaji atuvumilie kidogo. Uzi wowote unaopigwa hutoa sauti yake kuu pamoja na sauti nyingine nyembamba zilizo juu yake, ambazo huonekana wazi zaidi kidole kikiugusa uzi kwa wepesi bila kuukandamiza. Sauti hizo hufuatana kwa kanuni ya maumbile: ya pili, ya tatu, ya nne, na kuendelea. Muziki wa Kigogo, wa vinywa na wa vyombo, umejengwa juu ya mfululizo huo. Piano imejengwa vingine: kila oktava imegawanywa katika hatua 12 zilizo sawa. Mifumo hii miwili haikutani kila mahali. Sauti ya saba katika mfululizo wa maumbile, mathalan, iko chini kuliko sauti ya piano iliyo karibu nayo, kwa kiasi cha theluthi moja hivi ya hatua kati ya kibonyezo kimoja na kinachofuata. Theluthi hiyo ni ndogo kuitaja, lakini sikio huisikia mara moja. Ndiyo inayoupa wimbo wa Kigogo ladha yake, na ndiyo inayopotea kwanza zeze linapofundishwa na mtu aliyelisikia kinanda peke yake.

Shule ya babu

Sasa tuingie uani. Mtoto wa miaka sita au saba ameketi karibu na babu yake jioni, baada ya mifugo kurudi zizini. Babu anapiga, mtoto anatazama. Hakuna aliyetangaza kwamba masomo yameanza. Tukiichunguza shule hii tutaona kwamba ina taratibu zake, ingawa hazikuandikwa popote.

Utaratibu wa kwanza ni kusikia kabla ya kushika. Mtoto huimba na kupiga makofi kwa miaka mingi kabla hajapewa uta mkononi. Akija kuupewa, wimbo umekwisha kukaa kichwani mwake, na kazi ya vidole ni kuutafuta wimbo ambao sikio linaujua. Sisi tunaotunga mashairi twaifahamu vema faida ya utaratibu huu. Mwanafunzi anayefundishwa shairi kwa kuhesabu mizani vidoleni, nane kwa kila kipande, hutunga mistari iliyotimia hesabu lakini inayochechemea. Aliyekua akisikia mashairi yakighaniwa nyumbani hahesabu, na bado hapungukiwi mizani. Mzani umo katika pumzi yake.

Utaratibu wa pili ni chombo kidogo. Mzee hampi mtoto zeze lake kubwa mara moja. Humsaidia kutengeneza lake la kuchezea, kwa kibuyu kilichopasuka, kopo au kipande cha ngozi kilichobaki. Wengine huona ni mchezo tu. Lakini mtoto aliyetengeneza zeze bovu amejifunza mambo ambayo mwanafunzi wa darasani huweza kumaliza shule bila kuyajua: kwamba ngozi mbichi hulegea, kwamba uvungu mkubwa hutoa sauti nzito, kwamba uzi uliokazwa kupita kiasi hukatika. Uzi ukikatika babu hacheki kwa kudharau wala hakimbilii kuutengeneza. Humwuliza mjukuu wake ameukaza kwa nini.

Utaratibu wa tatu, nao kwa maoni yetu ndio mkubwa, ni utani. Katika makabila yetu mengi baba ni mtu wa amri, na mtoto akikosea mbele yake huona haya au hofu. Babu na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kiume huitwa mume mwenza, na mjukuu wa kike huitwa mchumba na babu asiye na jino mdomoni. Katika hali hiyo kosa hugeuka kuwa kichekesho. Babu aweza kumwambia mjukuu wake, "Mume mwenzangu, kwa mlio huo bibi yako hatakuacha ulale hapa leo," na mtoto akacheka, akarudia mara kumi bila kuchoka. Walimu wanajua jinsi ilivyo vigumu kumfanya mtoto arudie jambo moja mara kumi. Fimbo hulifanya kwa siku moja, utani hulifanya kwa miaka.

Utaratibu wa nne ni kwamba zeze halifundishwi peke yake. Pamoja na mlio huja maneno, na pamoja na maneno huja sababu yake: wimbo huu huimbwa baada ya mavuno, huu ni wa jandoni na hauimbwi ovyo, huu ulitungwa mwaka wa njaa, huu unamsema mtu mchoyo bila kumtaja jina. Ugogo ni nchi ya mvua chache. Ukame na njaa si hadithi huko. Mtoto anayejifunza wimbo wa njaa kutoka kwa mtu aliyeiona njaa hiyo hupewa historia, maadili na muziki kwa pamoja. Ukitenganisha vitu hivyo, kila kimoja hudhoofika.

Ni vema pia tuseme kwamba hekima hii si ya Waafrika pekee. Shinichi Suzuki wa Ujapani, aliyezaliwa mwaka 1898 na kufariki mwaka 1998, alipata sifa duniani kwa kuwafundisha watoto wadogo fidla. Alijenga mafunzo yake juu ya jambo moja: kila mtoto hujifunza lugha ya mama yake kwa kuisikia na kuirudia katikati ya watu wanaompenda, basi na muziki ufundishwe hivyo hivyo. Mtoto asikilize kila siku, mzazi ahudhurie masomo, kusoma nota kuje baadaye. Ulimwengu uliipokea njia hiyo kama uvumbuzi, na kwa nchi zilizozoea kuanza na kitabu ulikuwa uvumbuzi kweli. Twamsifu Suzuki kwa bidii yake. Lakini itakuwa ajabu kubwa ikiwa siku moja tutaagiza vitabu vya njia hiyo kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni, ilhali mzee anayeitumia ameketi chini ya mbuyu na hatujamwuliza neno.

Upungufu wa shule ya babu

Uhakiki unaosifu tu haumsaidii msomaji. Shule ya babu ina makosa yake, na mengine ni makubwa.

Kosa la kwanza ni kwamba milango yake haikuwa wazi kwa wote. Msichana wa Kigogo alipiga ngoma. Muheme, ile ngoma ambayo wanawake huibana kati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, ni ushahidi kwamba mkono wa mwanamke una nguvu na akili ya mapigo yanayomshinda mwanamume hodari. Lakini zeze na marimba vilihesabiwa kuwa vya wanaume. Mjukuu wa kike aliketi penye moto ule ule, akasikia nyimbo zile zile, na uta ulipotolewa akapewa kaka yake. Wapo wanaotetea jambo hili kwa kusema ndiyo mila. Sisi twasema mila ni mali ya watu, na watu huikagua mali yao na kuondoa kilichooza. Nusu ya wajukuu wakinyimwa chombo, chombo hicho kina nusu ya uhai wake.

Kosa la pili ni ukimya. Babu huonyesha bila kueleza. Mwenye sikio jepesi hufaidika, mwenye sikio zito huachwa nyuma na kuambiwa kwamba hana kipaji. Mwalimu mzuri wa darasani hampotezi mtoto wa namna hiyo upesi hivyo. Hutafuta njia nyingine ya kumfikia. Katika jambo hili darasa lina la kuifundisha nyumba.

Kosa la tatu ni kwamba shule hii hufa na mwalimu wake. Babu akifariki kabla mjukuu hajakomaa, nyimbo zilizokuwa kichwani mwake peke yake huzikwa naye. Zamani hasara hiyo ilifidiwa na wingi wa wazee, kwani kisichojulikana na huyu kilijulikana na yule. Siku hizi fidia hiyo imepungua, na maneno matupu ya kuwaheshimu wazee hayataijaza nafasi yao.

Shule ya darasani

Tukivuka sasa mpaka darasani, twakuta nia njema na vifaa haba. Walimu wengi wa muziki hawakuwahi kufundishwa chombo hata kimoja cha asili, nao si wa kulaumiwa kwa jambo ambalo hawakupewa. Tunalolikosoa ni utaratibu wenyewe.

Kwanza, darasa huanza pale ambapo babu humalizia. Mwanafunzi huandikiwa ubaoni jina la zeze, sehemu zake, kabila linalolitumia, na huulizwa hayo katika mtihani. Aweza kupata alama zote bila kulisikia likilia hata mara moja. Huko ni kujua habari za chakula bila kula.

Pili, kipindi cha dakika 40 kina haraka ambayo zeze halina. Kukaza nyuzi na kuzipatanisha peke yake kwaweza kumaliza nusu ya muda huo, na kengele ikilia kila mtu huweka chombo chini. Tusipoupanga upya muda, tutaendelea kufundisha nyimbo fupi zinazomalizika upesi, kisha tutadanganyika kwamba muziki wetu ndio mfupi.

Tatu, shule hufundisha kwa ajili ya mgeni. Habari ikija kwamba kiongozi atatembelea shule, ngoma hufufuliwa kwa wiki mbili, wanafunzi hukariri wimbo mmoja ambao maneno yake yamebadilishwa ili umsifu mgeni, na akisha kuondoka vyombo hurudishwa stoo. Babu hupiga zeze hata kama hakuna mtu anayesikiliza isipokuwa mjukuu na mbuzi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuishi na utamaduni na kuuonyesha.

Nne, na hili ndilo linalotusikitisha zaidi, waamuzi huhukumu kwa sikio la kuazima. Tumewahi kuhudhuria mashindano ya shule ambamo kijana mmoja alipiga zeze vizuri sana, akiwa amelipatanisha kama wazee wake wanavyolipatanisha. Aliyekaa mezani pa waamuzi alikuwa na kinanda kidogo cha umeme, akabonyeza sauti moja, akatikisa kichwa na kuandika kwamba chombo hakina upatanisho. Kundi lililoshinda lilikuwa limekaza nyuzi zake kulingana na kinanda. Yule kijana aliondoka ameinamisha kichwa, na bila shaka alikwenda kumwambia babu yake kwamba walivyofundishana si sahihi. Hakuna mkoloni aliyekuwapo ukumbini siku ile. Tulikuwa wenyewe kwa wenyewe, tukiifanya kazi yake.

Msomaji ataona kwa nini tulipoteza muda kueleza ile theluthi ya hatua. Kwa mwamuzi lilikuwa kosa la alama tano. Kwa kijana ilikuwa ni kuambiwa kwamba ukoo wake wote umekuwa ukipiga vibaya.

Ushahidi wa santuri

Kuna watakaosema kwamba upatanisho wa asili hauwezi kueleweka nje ya kijiji, na kwamba lazima tulainishe mambo ili vijana na wageni wapende. Santuri zinakanusha hoja hiyo. Mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa nyimbo za Hukwe Zawose ulioitwa Chibite, na zipo nyingine zake zilizotolewa Ujapani. Sikiliza mvumo wa marimba yake: hakuuondoa ili kuwafurahisha wageni. Sikiliza sauti yake ikipanda kutoka kifuani hadi kwenye wembamba wa filimbi: haifuati piano. Watu wa mbali walimpenda kama alivyo. Aliyeheshimu sikio la babu zake alisikilizwa duniani. Wengi walioliazima sikio la wengine hawakuvuka mpaka wa wilaya.

Hata hivyo santuri yenye thamani kubwa zaidi kwa hoja yetu ni ya miaka ya karibuni. Mwaka 2024 ilitoka albamu iitwayo Maisha, kazi ya The Zawose Queens, yaani Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake. Katika kundi la ukoo wao wanawake walikuwa wakipiga ngoma na kuitikia nyuma ya wanaume. Katika kazi hii wao ndio waliosimama mbele: ndio watunzi, ndio waimbaji wakuu, na wanapiga zeze na marimba, vyombo ambavyo mila iliwaweka mbali navyo.

Jambo hili lapasa kufikiriwa na wale wote wanaodhani kwamba kuirekebisha mila ni kuiua. Wanawake hawa hawakuutupa upatanisho wa Kigogo, hawakuutupa mvumo wa utando wa buibui, wala mpangilio wa sauti nyingi zinazopishana. Walichokitupa ni ile amri kwamba mkono wa mwanamke usishike uta. Muziki haukuharibika, umeongezewa wapigaji. Laiti jambo hili lingetokea miaka 100 iliyopita, tungekuwa na nyimbo ngapi za zeze zilizotungwa na bibi zetu?

Ushahidi huu watuonyesha pia mpaka wa santuri. Santuri huhifadhi sauti, haihifadhi utani. Kijana aweza kuisikiliza Maisha mara 100 katika simu yake na asijue uta hushikwaje, wala kwa nini wimbo fulani hauimbwi mbele ya wakwe. Kwa hayo bado anamhitaji mtu.

Yatupasayo

Tunawaandikia walimu na wanafunzi, kwa hiyo hatupendi kumalizia kwa kulalamika. Yapo mambo yanayowezekana bila kungoja fungu kutoka juu.

Mwalimu aweza kumkaribisha mzee mpiga zeze shuleni. Lakini amkaribishe kama mwalimu, si kama maonyesho. Aje mara nyingi, apewe posho kama fundi mwingine yeyote, na aachiwe afundishe kwa njia yake, ikiwa ni pamoja na utani wake. Mwalimu wa darasa akae naye, aeleze kwa maneno yale ambayo mzee huyaonyesha kwa mkono, na ahakikishe kwamba wasichana wanashika uta sawa na wavulana. Hivyo kila shule kati ya zile mbili itaiponya nyingine ugonjwa wake.

Vipindi viwili viunganishwe kuwa kimoja siku ya zeze. Vyombo vitengenezwe na wanafunzi wenyewe kwa vibuyu na mbao za mahali hapo. Na katika mashindano, pale penye vyombo vya asili, kinanda kiondolewe mezani na aketi mtu mmoja walau anayekijua chombo kinachohukumiwa.

Kwa wanafunzi tuna ombi moja tu. Wengi wenu mnayo simu nyumbani inayoweza kunasa sauti. Likizo ijayo, mkienda kwa babu au bibi, ombeni ruhusa kwanza, kisha naseni wimbo mmoja pamoja na maelezo yake: uliimbwa lini, na nani, kwa sababu gani. Mkisha kunasa, zimeni simu na mwombe mfundishwe kuuimba, maana kilichonaswa bila kujifunza ni sawa na mbegu iliyowekwa kabatini. Atakayeambiwa kwamba babu yake hajui muziki, amwombe ampigie makofi ya wimbo wowote wa zamani. Mwalimu naye, shule zikifunguliwa, atenge kipindi kimoja kila mwanafunzi aliimbie darasa wimbo aliopewa, na darasa liuandike katika daftari moja la shule, pamoja na jina la mzee aliyeufundisha ikiwa mwenyewe ameridhia liandikwe. Daftari hilo likijaa, mbegu ya msimu ujao itakuwa imeanza kupatikana.